Mapazia ya Mama Bitana

Jioni ya kwanza kisiwani, mwanamke tunayemsimulia alitoa kiti barazani, akaweka kikombe cha chai juu ya kigoda, akanyoosha miguu, tayari kuitazama jioni. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la jirani, jekundu, zito, kama halina haraka. Akakumbuka sukari. Aliingia jikoni, akatafuta kijiko kwenye nyumba ambayo bado hakuijua, akakipata, akatoka. Jua halipo. Paa la jirani halipo. Hata kiti chake alikipata kwa kukigonga na goti.

"Nani amezima?" aliuliza kwa sauti.

Ndani, mama mkwe wake alicheka mpaka akaomba maji.

"Hakuna aliyezima, mwanangu," alisema alipoweza kusema. "Jua la huku halina mambo mengi. Likiaga, limekwenda."

Alikotoka yeye, nchi ya baridi mbali kaskazini, jua la kiangazi lilikuwa kama mgeni anayeaga halafu anasimama mlangoni na kuanza mazungumzo mapya. Saa tatu ya usiku ilikuwa usiku kwa jina tu. Watu walikuwa bado wakimwagilia maua, na watoto wakigombezwa waingie kulala huku mwanga umejaa madirishani. Alizaliwa huko, akajifunza kushona makoti huko, na huko ndiko alikokutana na kijana wa kisiwani aliyekwenda kutafuta maisha akaishia kutengeneza hita za watu. Wakaoana. Wakazaa, wakalea, watoto wakakua na kwenda zao, kila mmoja na nyumba yake. Halafu baba mkwe akafariki, na mama mkwe akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, akisema kwenye simu kwamba hana neno, yuko salama, wasijisumbue. Kila mwenye mama anajua maana ya maneno hayo.

"Twende tujaribu," mumewe alimwambia. "Mvua kubwa zikishapita, wewe ndiye wa kusema. Ukisema tukae, tunakaa. Ukisema turudi, narudi na wewe, na sitakununia hata siku moja."

Alikuwa anamaanisha. Mume huyu ana kasoro zake, anakoroma na anaacha taulo mbichi kitandani, lakini neno lake ni neno. Mkewe alikubali, tena alifurahi kupewa rungu. Hakujua kwamba rungu lenyewe ni zito: akisema warudi, anamnyang'anya bibi kizee mwanawe kwa mara ya pili; akisema wakae, ni yeye atakayebaki barazani na kijiko mkononi, gizani.

Kazi ya kwanza aliyoifanya nyumbani humo ilikuwa kushona mapazia ya chumba cha kulala. Watu wa kwao hawahamii nyumba bila mapazia ya chumba cha kulala, kwa sababu miezi ya kiangazi jua linarudi kabla hata mtu hajapata usingizi wake wa pili, na asiye na pazia zito anaamka na macho mekundu na ulimi mkali. Huku kisiwani usiku ni giza tupu na asubuhi inakuja kwa adabu. Lakini hilo hakujiuliza. Alipima dirisha, akanunua kitambaa kizito cheusi, akakiwekea bitana, na juu ya bitana bitana nyingine, na kwenye upindo wa chini akatia vipande vya chuma ili pazia lisipeperuke. Yalipotundikwa, hata sisimizi asingejua kama kumekucha.

Mumewe alisimama mlangoni na nyundo mkononi. Akafungua mdomo, akaufunga. Mkewe tangu afike alikuwa analia kidogo kidogo bafuni akidhani hasikiki, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa akishona huku anaimba puani.

"Mazuri," mume alisema. "Yamekaa vizuri sana."

Mama mkwe naye alikuja, akayashika kwa vidole viwili.

"Hili ni pazia au godoro?" aliuliza. Mwanawe akamtupia jicho, naye akaenda zake kuwasha redio.

Tangu hapo chumba kile kilikuwa tanuri. Upepo ulifika dirishani, ukakutana na bitana mbili, ukarudi ulikotoka. Mwanamke alilala kama mtu aliyefunikwa kwenye sufuria, akaamka jua limeshapanda, kichwa kizito, uso umevimba, na upande wa pili wa kitanda umepoa zamani, kwa kuwa mumewe siku hizi alikuwa anatengeneza majokofu, hasa ya kiwanda cha barafu, na mafundi wa majokofu huku hutoka mapema kabla jua halijakolea. Watu walimwita Fundi Baridi. Alikuwa akisema kwamba kule alilipwa kuwapasha watu moto na huku analipwa kuwapoza, na kwamba binadamu hajawahi kuridhika.

"Huku hata usingizi una jasho," mkewe alilalamika kila alipotoka chumbani.

Mama mkwe alitazama mlango wa kile chumba, akatazama chai yake.

"Pole, mwanangu," alisema.

Chumba cha mbele mke alikigeuza duka la ushonaji: cherehani, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu. Kwao alisifika kwa makoti, na aliyemfundisha kazi alimkaririsha kwamba nguo isiyo na bitana ni nguo ambayo fundi ameikimbia. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, bwana mnene mwenye sauti nzuri, aliyetaka suruali ya kuvaa siku ya wazazi. Fundi alijituma. Alimshonea suruali iliyoteremka kama maji, na ndani akaitia bitana kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu mkuu aliivaa, akasimama uwanjani juani mbele ya wazazi wote, akaanza hotuba. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Ukurasa wa pili alianza kupiga hatua palepale alipo. Ukurasa wa tatu hakuufikia. Aliketi chini kwenye majani, taratibu, mbele ya watu, na wanafunzi wakampigia makofi wakidhani ni sehemu ya hotuba.

Kesho yake alikuja na suruali kwenye mfuko.

"Mama, mshono sina neno nao. Mshono ni wa kifalme. Lakini naomba kuuliza, humu ndani kuna mtu mwingine?"

Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema mwenye hadithi nzuri hawezi kuikalia. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na fundi mpya akawa Mama Bitana. Mbele za watu alilipokea jina kwa kicheko. Nyuma ya mlango alinuna. Lakini wateja walianza kuja, nusu yao kutazama tu, na waliokuja kutazama wakaishia kupimwa. Akajifunza kushona bila bitana, ingawa mikono yake ilifanya hivyo shingo upande, kama inamvua mtu nguo hadharani. Akajifunza pia kupaka mafuta mkasi na sindano kila siku, maana chumvi ya hewani ilikuwa ikizila, na kutomwahidi mteja zipu mpaka ameijaribu mwenyewe.

Mvua nazo zilimfundisha adabu. Kwao mvua ilikuwa ya rasharasha, inaanza asubuhi na kumalizika wiki ijayo, na mtu anayebaki ndani kwa sababu ya mvua anaitwa mvivu. Kwa hiyo siku mvua kubwa ilipoanza, Mama Bitana alivaa koti lake la kwao, akachukua mwavuli, akaenda kununua nyuzi. Watu waliojibanza kwenye milango ya maduka wakamwita, "Mama Bitana, ingia! Ingia huku!" Yeye akawaitikia kwa tabasamu na kuendelea, akidhani wanamsalimia. Hajafika mbali, mwavuli ukageuka bakuli. Maji yakamfika kwenye muundi. Koti likanywa na bitana ikanywa, mpaka akahisi amebeba mtoto mgongoni. Alipolifikia duka la nyuzi mvua ikakatika ghafla, jua likatoka, na Mama Bitana akaanza kutoa mvuke mzima mzima, kama shati bichi lililowekewa pasi.

Muuza nyuzi alimpa taulo.

"Mvua ikinyesha, mama," alimwambia kwa upole, "kazi inakuwa moja tu. Kuitazama."

Aliisimulia habari hiyo wakati wa chakula cha jioni, akamwigiza muuza nyuzi, akauigiza na mwavuli. Mama mkwe akafuta machozi ya kicheko. Mumewe akacheka kile kicheko chake cha zamani cha kugonga meza, na mkewe akaona raha, akasogeza kiti karibu, tayari kuendelea. Akageuka kumwambia lililofuata. Mume amelala palepale, kidevu kifuani, kijiko bado mkononi.

Sasa hapo ndipo palipouma. Jua, mvua, jasho, hayo yote angeyameza. Lakini kwao, nyuma ya nyumba, kulikuwa na benchi. Jioni zile ndefu, vyombo vikishaoshwa, walikuwa wanakaa hapo wawili na kupiga soga mpaka mwanga unachoka wenyewe. Hawakuwa wakizungumza la maana. Mume alikuwa akiitengeneza dunia, mke akiigiza wateja wake. Kwenye benchi hilo waliwachagulia watoto majina, wakagombana, wakapatana, wakamlilia baba mkwe. Haki lazima isemwe: miezi ya baridi benchi lilifunikwa na theluji, giza liliingia hata kabla watoto hawajatoka shule, na wao walikaa jikoni wamejikunyata mbele ya hita. Hilo Mama Bitana alikuwa amelisahau. Aliyakumbuka ya kiangazi tu, na katika kumbukumbu zake kila siku ilikuwa kiangazi.

Huku giza linaingia, chakula kinaliwa, na mume anaanguka kama gunia. Kila siku. Alikuwa anabaki mezani akimtazama, mwanamume aliyempenda kuliko kitu chochote, mdomo wazi, akikoroma, na alikuwa anajiambia kwamba maneno yamemwisha. Amerudi kwao, ana mama yake, ana wenzake wa utotoni kila kona. Ana haja gani tena ya kuzungumza na fundi wa makoti? Amenichoka, alijisemea. Alilisema kimoyomoyo, halafu siku nyingine alilisema kwa sauti, cherehani ikiwa inakwenda mbio ili asisikike. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Mtu aliyezoea kumwambia mambo kama hayo ndiye huyo aliyelala.

Mvua zilipoanza kupungua, jibu alikuwa nalo tayari. Warudi. Kule benchi lipo, jioni zipo, na pengine na mume wake yupo. Lakini kila alipotaka kutamka, alimkuta mama mkwe amemwekea kiti chake pale penye ubaridi karibu na mlango, amemmenyea chungwa, amelipanga kwenye kisahani vipande vipande kama anamlisha mtoto. Bibi kizee yule alikuwa na ulimi wa wembe na moyo laini, na Mama Bitana alikuwa ameshampenda. Akala chungwa, akanyamaza. Kesho, alijiambia. Nitasema kesho.

Siku moja mama mkwe aliingia chumbani kuchukua nguo za kufua, akasimama, akavuta hewa puani mara mbili.

"Mkwe wangu, nani amekufa humu?"

Yalikuwa mapazia. Miezi ya unyevu ilikuwa imeyajaza ukungu ndani ya zile bitana, madoa ya kijani yakitambaa kutoka chini kwenda juu, harufu kama ya soksi zilizosahaulika ndani ya kiatu. Hakuna aliyebishana. Waliyashusha wote wawili wakipiga chafya, wakayafua, wakayaanika kambani, mvua ikayanyeshea. Wakayahamishia barazani, yakagoma kukauka. Pazia zito namna ile, katika hewa ile, lingekauka mwakani. Jioni ikafika, dirisha likabaki wazi, na Mama Bitana akalala akinung'unika kwamba hatapata usingizi.

Aliamshwa na ubaridi. Kitu ambacho alikuwa amekisahau kabisa kilikuwa kinampita usoni: upepo, mwepesi, wenye harufu ya udongo mbichi. Alijikuta amejivutia shuka hadi mabegani kama mtu wa kwao. Chumba kilikuwa na mwanga wa kijivu usio na kivuli, mwanga wa taratibu. Alilala akiutazama. Akauzoea, halafu akautambua. Ulikuwa mwanga wa benchi.

Upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu. Kutoka nyuma ya nyumba ilimjia sauti ya mumewe.

Aliinuka, akapita jikoni bila viatu. Mlango wa nyuma ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na kwenye ngazi walikuwa wamekaa mama na mwanawe, wamempa mgongo, kila mmoja na kikombe chake.

"Basi akakashonea kale kambwa koti," mume alikuwa akisema. "Koti kamili, mama! Lina bitana, lina vifungo, lina na mfuko."

"Mfuko? Mbwa aweke nini?"

"Ndicho nilichomuuliza mimi. Akaniangalia hivi, akaniambia, koti lisilo na mfuko ni blanketi."

Mama mkwe akacheka akijipiga paja. Mama Bitana alisimama jikoni na mkono kifuani. Ile ndiyo sauti yenyewe, ile ya kuchomekea na kuchekacheka, aliyodhani imekufa. Moyo ulimruka kwa furaha, na kabla haujatua ukamwingia wivu. Kumbe maneno hayajamwisha. Anayo tele, anakuja kumpa mama yake. Alikuwa anamwonea wivu kikongwe mwenye magoti mabovu, alilijua hilo, akaona haya, na wivu wenyewe haukuondoka.

Bibi kizee akaweka kikombe chake chini.

"Mrudishe, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Mama."

"Mrudishe kwao. Mtoto wa watu ananyauka. Analala mpaka jua linapanda, akitoka uso umevimba, nadhani analia. Huyu unayenisimulia, wa kumshonea mbwa koti, mimi simwoni. Mimi nilishazoea kukaa peke yangu, nitazoea tena."

Alikuwa anadanganya, na sauti yake haikumsaidia.

 Mume alizungusha kikombe mkononi.

"Nimeshamwambia mwenye kiwanda cha barafu aanze kutafuta fundi mwingine," alisema. "Namsubiri mke wangu tu atamke. Niliahidi sitamharakisha."

"Na wewe utaweza kuondoka tena?"

"Bila ya hapa nitaweza. Bila yeye ndiyo sitaweza."

Mama Bitana alirudi nyuma hatua, mgongo wake ukagonga rafu, mfuniko wa sufuria ukaanguka sakafuni na kuzunguka weee, ukipiga kelele jikoni kote kabla ya kutulia. Wale wawili wakageuka. Akasukuma mlango na kutoka, na nguo yake ya kulalia na nywele zake zimesimama.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa kukosa lingine.

"Marahaba," alijibu mama mkwe. Akamtazama juu mpaka chini, akatazama machozi yake. Kisha akakishika kiguzo cha mlango na kuanza kujiinua. "Njoo ukae hapa."

"Hapana, mama, kaa tu. Mimi nitakaa chini."

"Nikae nifanye nini? Unadhani mimi ni mtu wa alfajiri? Tangu nizaliwe napenda kulala mpaka jua linichome. Marehemu baba mkwe wako alikuwa akiniita gogo." Alisimama, akanyoosha goti moja, akanyoosha la pili, yote mawili yakalia. "Mlipokuja, nikatoka siku moja kwenda chooni, nikamkuta huyu amekaa hapa peke yake, na nafasi ameiacha pembeni yake, kama mtoto anayesubiri kuchukuliwa shuleni. Nikamwonea huruma. Nikasema nikushikie nafasi mpaka utakapoamka. Sasa umeamka. Mimi nakwenda kulala, jamani, nimechoka."

Akaingia ndani huku anajisemea, akafunga mlango wake.

Mama Bitana akaketi kwenye ngazi. Jiwe lilikuwa bado na joto la bibi kizee. Mbele yao kulikuwa na ua mdogo, kamba ya nguo, ndoo, majani yanayodondosha maji, na kila kitu kilikuwa kinaonekana vizuri bila kuumiza macho. Upepo ulipita, ukarudi.

"Upepo huu unatoka wapi?" aliuliza.

"Uko hapa kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, wakati huu."

Alikaa akilifikiria hilo. Halafu akauliza lililokuwa likimkaba. "Kwa nini hukuniamsha?"

Mume alitazama mikono yake, mikono mikubwa yenye makovu ya mabati.

"Nilidhani usingizi ndicho kitu pekee cha huku unachokipenda," alisema. "Nikasema hicho angalau nisikuharibie. Nilikuwa natoka chumbani na viatu mkononi."

Mkewe aliposikia hivyo, kilio alichokuwa akikibana tangu jikoni kilimtoka. Mume akababaika, akatafuta leso, hakuwa nayo, akampa kona ya shati lake.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema mke ndani ya shati.

"Nani? Mimi?" Alishtuka kweli. "Nikuchoke lini, mama watoto? Jioni naanguka kwa sababu niko macho tangu giza. Watu wote wa hapa wako hivyo. Nimekua hivyo. Baba na jirani zake walikuwa wakizungumza hapa, mimi nikiwasikia kitandani. Mchana ni jua, usiku ni kulala, mazungumzo ni sasa hivi. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Nimelala ndani ya bitana mbili!"

Mume akauma mdomo.

"Sema," mkewe alimwambia.

"Ni mazuri."

"Sema ukweli."

"Ni tanuri, mama watoto. Siku nyingine nilikuwa nakuja kukaa hapa ili nipoe tu."

Wakacheka, mpaka wakashikana mabega wasiteremke ngazi. Akapokea kikombe cha mumewe, akanywa, akaanza kumsimulia: binti aliyekuja kupimwa gauni la harusi na mama zake wadogo wote, kila mmoja na amri yake, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anayemtongoza muuza nyuzi kwa kumshonea viatu ambavyo havijaharibika. Aliyasimulia haraka, la huku likikatiza la kule, maana yalikuwa yamerundikana. Mume akatia chumvi zake. Walikuwa bado katikati wakati mwanga ulipobadilika. Kivuli cha ndoo kikajitokeza uani, kikali, na joto la kwanza likawagusa miguuni.

"Imeisha?" mkewe aliuliza.

"Imeisha. Ni fupi."

Ilikuwa fupi kweli. Jioni zile ndefu hazikuwa huku, na hazingekuwa huku kamwe. Alilitazama hilo wazi, akalihuzunikia palepale, bila kujificha, na mumewe akamwacha ahuzunike. Kisha mume akasimama, akachukua sanduku lake la vifaa. Mtu wa barafu alikuwa anamsubiri.

"Basi kesho uniamshe," mkewe alisema.

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa."

Mume alilihamisha sanduku kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Alitaka kuuliza na aliogopa kuuliza, na mkewe alimwona.

"Na mvua zikishapita?"

"Mvua zikishapita ndiyo usithubutu kabisa kuniacha nimelala," alisema Mama Bitana. "Na huyo mwenye barafu ukamwambie aache kutafuta fundi."

Mume aliweka sanduku chini. 

Kwenye dirisha la pembeni, nyuma ya wavu wa mbu, mtu alipenga kamasi.

"Nimesikia!" mama mkwe alipaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ikitetemeka. "Haya, sasa nyamazeni, wengine tulale."